Mfuko wa rambirambi wa walimu wastaafu unakauka: je, mhazini amekula?

Swali: "Mimi ni mhazini wa chama cha walimu wastaafu wa kata mbili mkoani Mbeya. Tulianza mwaka 2015 tukiwa 61, tukafika 118, na sasa wanaochanga ni 97. Wengi wetu tuliajiriwa wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na tuna umri wa kati ya miaka 66 na 74. Kila mmoja hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwanachama akifariki tunatoa rambirambi ya shilingi 1,000,000, akifariki mwenza 700,000, na mtoto 500,000. Miaka ya mwanzo tulitoa nusu ya viwango hivyo, na kwa kuwa fedha zilikuwa zinabaki, mwaka 2019 tuliviongeza maradufu. Mwaka 2020 tulikuwa na milioni 11. Leo benki zimebaki milioni 3 na laki 4, na milioni 2 na laki 6 ziko kwa wanachama waliokopa. Mwaka jana tulizika wanachama 4, wenza 5 na watoto 2. Watu wameanza kunong'ona kwamba mhazini amekula, nami sijala hata shilingi mia. Walimu wanaostaafu sasa hawataki kujiunga. Katibu anashauri tuwe SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ili fedha izae, mwenyekiti anataka tuvunje chama tugawane kilichobaki. Tulikosea wapi, na chama cha wastaafu kifanye shughuli gani ili kiendelee kuwepo?"

Shikamoo, Mwalimu. Nimefanya kazi ya kushauri vikundi vya akiba na vyama vya kuzikana kwa miaka mingi, na barua kama yako nimezipokea kutoka kwa wahazini wengi, karibu wote wakiwa watu waaminifu walioshikilia daftari safi na mfuko unaovuja. Nianze na lile ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Kwa takwimu ulizonipa, fedha za chama chenu hazihitaji mwizi ili ziishe, kwa sababu zitaisha zenyewe hata mkiwa na mhazini malaika.

Hesabu ni fupi, na ningependa uiandike kwa chaki ubaoni siku ya mkutano ili kila mmoja aifuate. Wanachama 97 wakitoa shilingi 5,000 kwa miezi 12, chama kinakusanya 5,820,000 kwa mwaka, ikiwa hakuna hata mmoja anayechelewa. Mwaka jana mlitoa 4,000,000 kwa wanachama wanne, 3,500,000 kwa wenza watano, na 1,000,000 kwa watoto wawili, jumla 8,500,000. Pengo ni 2,680,000 kwa mwaka mmoja. Kwa mwendo huo, fedha iliyoko benki itawatosha kwa miezi kama 15, na ikitokea msimu mbaya wa baridi ambao vichomi huwaandama wazee wa nyanda za juu, haitafika huko. Ukigawa zile 8,500,000 kwa watu 97, utaona kwamba kila mwanachama alipaswa kuchangia karibu shilingi 7,300 kwa mwezi ili kilichotolewa kilingane na kilichopokelewa. Alitoa 5,000. Hizo 2,300 zilizopungua kwa kila kichwa kila mwezi ndizo zinazotafutwa mfukoni mwako.

Kosa lenyewe lilifanyika mwaka 2019, na lilifanyika kwa nia njema. Mwaka wa kwanza mlikuwa 61, mkikusanya 3,660,000. Hata kama mlizika mwanachama mmoja na mwenza mmoja kwa viwango vya wakati ule, yaani 500,000 na 350,000, mlibaki na 2,810,000. Ziada ya namna hiyo ikijirudia miaka mitatu au minne, chama chochote kitaanza kujiona tajiri, na kwenye mkutano mkuu atasimama mtu kuuliza kwa nini fedha zilale benki wakati wafiwa wanahangaika. Swali lake linaonekana la haki kabisa. Lakini ile ziada haikuwa faida. Ilikuwa fedha ya misiba ambayo haikuwa imefika bado, iliyotangulizwa na watu wenye miaka 60 kwa ajili ya siku watakapokuwa na miaka 70 na 80. Mlipoongeza rambirambi maradufu bila kugusa mchango, mliila akiba ya uzee wenu mkiwa bado na nguvu za kulima. Ukitaka uthibitisho, chukua misiba 11 ya mwaka jana na uilipe kwa viwango vya zamani: inakuja 4,250,000, na chama kingefunga mwaka kikiwa na ziada ya 1,570,000.

Hapa ndipo historia yenu kama walimu inapoingia, na nadhani ni sehemu ambayo haijazungumzwa vya kutosha katika vyama vya aina hii. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Serikali iliamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977, na kwa kuwa vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundishwa kazi hukohuko vijijini huku wakifundisha. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1976 alizaliwa mwaka 1958, na alifikia umri wa kustaafu kwa lazima, yaani miaka 60, mwaka 2018. Kwa hiyo walimu wa UPE waliingia kazini kwa kundi, wakastaafu kwa kundi, wakaunda vyama vyao kwa kundi, na sasa wanazeeka kwa kundi. Chama cha kuzikana cha mtaani huwa na kijana wa miaka 25, mama wa miaka 40 na babu wa miaka 80, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele. Chama chenu kina babu na bibi watupu waliozaliwa ndani ya miaka minane.

Watu wanaopigia hesabu vifo kwa ajili ya kampuni za bima wanajua kanuni moja ambayo haina huruma: kwa mtu mzima, uwezekano wa kufariki ndani ya mwaka mmoja huongezeka takriban maradufu kila umri unapopanda kwa miaka minane hivi. Kanuni hii haimwambii mtu yeyote siku yake, jambo ambalo ni la Mungu, ila kwa kundi la watu mia moja inakaribia ukweli kwa kiasi cha kutisha. Maana yake kwenu ni kwamba, ikiwa hakuna anayejiunga, misiba minne kwa mwaka katika kila wanachama mia itaelekea kuwa minane katika kila mia kabla ya miaka kumi kupita, huku wachangiaji wakiwa wachache kuliko leo. Mfuko unabanwa pande mbili kwa wakati mmoja, na hakuna uaminifu wa mhazini unaoweza kuuzuia usibanwe.

Kuna tundu jingine dogo ambalo nakuomba ulikague kwenye daftari. Walimu huoana na walimu. Nakadiria kwamba katika wanachama wenu 97 wapo wanandoa kadhaa ambao wote wawili ni wanachama. Mume akifariki, je, mnatoa 1,000,000 kwa sababu ni mwanachama, kisha mnatoa 700,000 kwa sababu ni mwenza wa mwanachama? Nimeona katiba nyingi zisizosema lolote juu ya hili, na mhazini, akiona haya kubishana na mjane, hulipa zote mbili. Msiba mmoja unakuwa umegharimu 1,700,000. Wanandoa hao wanachanga mara mbili, kwa hiyo wana hoja, lakini hoja hiyo iamuliwe mezani na iandikwe, isiamuliwe uwanjani kwenye matanga. Vilevile iandikwe kwamba kila mwanachama anaandikisha mwenza mmoja tu, maana haya nayo yana vishindo vyake.

Kuhusu wale wanaostaafu sasa na kukataa kujiunga, nakuomba uwaonee huruma kidogo, kwa sababu wanafanya hesabu ileile ambayo ninyi hamkuifanya. Mwalimu wa miaka 60 akijiunga leo atatoa 5,000 sawa na mwenye miaka 74, wakati uwezekano wa msiba wake mwaka huu ni mdogo mara tatu au zaidi. Anaona mfuko wenye milioni 3, anasikia minong'ono, anajiuliza kama siku yake ikifika miaka 15 ijayo atakuta kitu. Halafu anayekubali kujiunga haraka, mara nyingi, ni yule ambaye mwenza wake tayari anaumwa. Simlaumu, ni binadamu, lakini chama kinachopokea wagonjwa na kukataliwa na wazima kinaharakisha mwisho wake. Dawa yake inajulikana: muda wa kusubiri wa miezi sita kabla mwanachama mpya hajaanza kunufaika, na kiingilio kinachopanda kulingana na umri wa kujiunga, ili anayesubiri mpaka afikishe miaka 70 alipe zaidi ya aliyejiunga siku alipopokea kiinua mgongo.

Sasa nije kwa katibu na SACCOS yake. SACCOS ni chombo kizuri, nimesaidia kuanzisha kadhaa, na kwa watu 97 kisheria inawezekana. Ila ni ushirika wa akiba na mikopo, unaosajiliwa na kupewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ukiwa katika daraja la tatu la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na unahitaji mtunza vitabu anayelipwa, hesabu zinazokaguliwa kila mwaka, na wanachama ambao bado wana kipato cha kuweka akiba na kukopa kwa miaka. Mstaafu anayeishi kwa pensheni ya mwezi hukopa ili alipe ada ya mjukuu au anunue mbolea ya mahindi. Mkopo wake ni mdogo, faida yake ni ndogo, na gharama za kuendesha chombo zitaimeza. Zaidi ya hapo, fedha ya rambirambi na fedha ya mkopo zina tabia zisizopatana. Ya kwanza lazima iwepo ndani ya saa 24, kabla jeneza halijanunuliwa. Ya pili iko shambani, iko dukani, iko kwa mtu ambaye ameahidi kurudisha baada ya mavuno. Kuziweka katika akaunti moja ni kukubali kwamba siku ya msiba mhazini atazunguka nyumba za wadaiwa akiomba.

Nanyi tayari mnakopesha, milioni 2 na laki 6, pengine bila usajili wa kazi hiyo. Sheria niliyoitaja inavitambua vikundi vya kijamii vya kukopeshana, kama VICOBA, katika daraja la nne, na usajili wake hufanyika kwenye halmashauri. Chama kilichosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa ajili ya kusaidiana, hakijapata kwa usajili huo ruhusa ya kukopesha kwa riba. Kama kuna wanachama 25 au 30 wanaopenda kukopeshana, waunde kikundi chao, wawe na sanduku lao lenye kufuli tatu na funguo zake kwa watu watatu, na wavunje mzunguko kila mwaka. Mfuko wa rambirambi usiguswe. Hiyo milioni 2 na laki 6 irejeshwe kwa ratiba iliyoandikwa, hata kama ni shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mdaiwa, na mkopo mpya usitolewe.

Niseme pia kwa nini nalisisitiza hili kuliko pengine linavyostahili. Miaka ya nyuma nilihudhuria maziko ya mzee mmoja ambaye chama chake, ambacho sitakitaja, kilikuwa na utaratibu kama wenu. Zilipofika salamu za rambirambi, mhazini alisimama mbele ya jeneza akiwa na bahasha, akasoma kwamba marehemu alistahili kiasi fulani, "ukitoa deni lake la shilingi laki nne," kisha akataja kilichobaki. Mjane hakuwa anajua habari ya deni. Uwanja mzima ulinyamaza, na nakumbuka kijana mmoja wa marehemu alivyoinuka na kuanza kupanga viti ambavyo havikuhitaji kupangwa. Yule mhazini alikuwa anafuata katiba neno kwa neno.

Pendekezo la mwenyekiti la kuvunja chama linahitaji hesabu ya mstari mmoja tu. Fedha iliyoko benki, 3,400,000, ukiigawa kwa watu 97, kila mmoja anaondoka na shilingi 35,000 na kidogo. Familia zilizokwisha kuzika zitakuwa zimepata mamilioni, na waliobaki watapata bei ya mfuko mmoja wa unga na mafuta ya kupikia. Sidhani kwamba mwenyekiti ameifanya hesabu hiyo, na sidhani kwamba akiifanya atalirudia pendekezo lake.

Zimebaki njia tatu ambazo ni za kweli. Ya kwanza ni kupandisha mchango ulingane na ahadi, yaani si chini ya 7,500 kwa sasa, na kukubali kwamba utapanda tena. Ni njia ya heshima, lakini katika kila mkutano utapoteza wale ambao pensheni yao ni ndogo zaidi, na hao mara nyingi ndio wanaokihitaji chama.

Ya pili ni kuacha kuchanga kila mwezi na kuchanga kwa tukio: 10,000 anapofariki mwanachama, 7,000 mwenza, 5,000 mtoto. Kwa misiba ya mwaka jana kila mmoja angetoa 85,000, na familia ya mwanachama ingepokea 970,000. Uzuri wake ni kwamba mfuko wa namna hii haufilisiki kamwe, kwa kuwa hauna ahadi ya kiasi maalumu. Ubaya wake ni kwamba mkono wa pole unapungua kadiri watu wanavyopungua. Mkibaki 40, familia itapata 400,000, na wa mwisho kuzikwa hatakuwa na wa kumchangia. Kuna ubaya mwingine ambao walimu wanaufahamu: misiba mitatu ikitokea mwezi mmoja, wapo watakaozima simu.

Ya tatu ni bima ya mazishi ya kikundi kutoka kampuni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Faida yake ni ileile mliyoikosa, yaani kuchanganywa na watu wa rika zote nchini. Siwezi kukwambia bei bila kuona orodha ya umri wenu, lakini kabla ya kutia saini ulizeni mambo haya kwa maandishi: kuna ukomo gani wa umri wa kuingia na wa kubaki, muda wa kusubiri ni wa miezi mingapi, madai hulipwa ndani ya saa ngapi na kwa hati zipi, na bei ya mwaka wa pili itapangwaje. Wakala anayejibu kwa mdomo tu, mrudishieni kalamu yake. Kwa umri wenu nahofia kwamba baadhi yenu watakataliwa, na chama kinachowakatia bima wenye miaka 66 na kuwaacha wenye miaka 74 kitakuwa kimejigawa chenyewe.

Mimi ningekuwa mjumbe wenu, ningependekeza mchanganyiko. Punguzeni rambirambi iwe 700,000 kwa mwanachama, 400,000 kwa mwenza na 200,000 kwa mtoto. Kwa misiba ya mwaka jana ingekuwa 5,200,000, ambayo mchango wa sasa unaibeba na kubakiza 620,000. Mkipandisha mchango hadi 6,000, mtakusanya 6,984,000 na kubakiza 1,784,000. Tengeni kwanza 2,800,000 kama akiba isiyoguswa, ambayo ni rambirambi ya wanachama wanne. Mnayo tayari benki. Kisha andikeni katika katiba kwamba kila mwezi wa kwanza wa mwaka mhazini atasoma misiba na makusanyo ya mwaka uliopita, na kwamba kiwango cha rambirambi kitapangwa upya siku hiyohiyo kulingana na hesabu. Ahadi ya kudumu ya kiasi fulani cha fedha, kwa kundi linalozeeka pamoja, ni deni ambalo hakuna aliyekubali kulilipa. Mjane au mgane wa mwanachama aruhusiwe kuendelea na nafasi ya marehemu kwa mchango kamili, jambo ambalo vyama vingi hulisahau na hivyo kupoteza mchango wa nyumba nzima kwa msiba mmoja.

Sehemu inayopungua ya fedha mnaweza kuijazia kwa vitu. Viti vya plastiki, maturubai na masufuria makubwa ni mtaji ambao hauathiriwi na umri wa wanachama. Familia ya mwanachama ikipata viti 150, maturubai mawili na masufuria manne bila malipo, imeokoa fedha ambayo ingevikodishia kwa siku tatu au nne za matanga, na siku nyingine vitu hivyo vinakodishwa kwa harusi na ubarikio vikaingiza chochote. Ila kabidhini kwa daftari: kila kiti kiandikwe namba kwa rangi chini ya kikalio, vihesabiwe wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, na anayepokea atie saini. Viti vya chama huwa na tabia ya kuhamia jikoni kwa watu.

Umeuliza pia shughuli. Nimeliacha swali hili mwisho, lakini kwa maoni yangu ndilo litakaloamua kama mwalimu wa miaka 60 atajiunga, kwa kuwa yeye hafikirii jeneza bado. Anafikiria karatasi. Kwa hiyo shughuli ya kwanza ambayo ningeianzisha haigharimu zaidi ya bahasha ya kaki kwa kila mwanachama. Ndani yake ziwemo nakala za barua ya kwanza ya ajira, barua ya kustaafu, namba ya pensheni, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na jina la benki. Siku ya kuzikusanya, someni majina kwa makini. Katika barua ya ajira ya mwaka 1976 mtu ameandikwa Ambakisye, kwenye kitambulisho ni Ambakisya, na benki wameacha jina la babu. Akiwa hai, hiyo ni kazi ya kwenda kwa wakili kuapa. Akishafariki, mjane anayefuatilia mafao akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo na barua ya Mahakama ya Mwanzo ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi, atakwama kwa herufi moja na kurudishwa mara tatu mjini kwa nauli yake mwenyewe. Bahasha zikae kwa mwanachama mwenyewe, chama kibaki na orodha tu ya nani ameikamilisha.

Ya pili ni uhakiki. Tangu mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, wastaafu wengi wa kada yenu wanahudumiwa na mfuko mmoja, nao hutaka mstaafu ajihakiki, la sivyo pensheni husimama. Wanachama wawili wenye simu janja, wakiketi ofisini siku moja kwa mwezi, wanaweza kuokoa safari nyingi. Siku hiyohiyo wawaonye wenzao kuhusu matapeli wanaopiga simu wakijifanya maofisa wa Hazina au wa mfuko, wakimwita mtu "mzee wangu" na kumtajia shule aliyofundisha, kisha wakamwomba fedha ili mafao yake "yasukumwe". Mstaafu halipii mafao yake. Mambo ya kadi ya bima ya afya ya mstaafu na mwenza wake nayo yashughulikiwe hapo.

Ya tatu ni kazi mnayoijua kuliko mtu yeyote. Mkikubaliana na mwalimu mkuu na kamati ya shule, wanachama watano wanaopenda wanaweza kwenda mara mbili kwa wiki kuwasikiliza kusoma watoto wa darasa la pili na la tatu wanaobaki nyuma. Kizazi cha UPE kilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya watoto mia moja, wengine chini ya miti, na jioni wakawafundisha wazazi wao kisomo cha watu wazima. Hakuna semina inayoweza kuwafundisha zaidi. Isiwe masomo ya kulipia, na asilazimishwe mtu ambaye amechoka na chaki, maana wapo, na wana haki yao. Siku ya Wazee Duniani ni tarehe 1 Oktoba na Siku ya Walimu Duniani ni tarehe 5 Oktoba, kwa hiyo mna juma moja kila mwaka ambalo ni lenu mara mbili, na mkurugenzi wa halmashauri akialikwa juma hilo hana udhuru mzuri.

Kuhusu wanachama wapya, msiwasubiri waliostaafu tu. Walioajiriwa kwa wingi baada ya ada za shule za msingi kufutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, wengi wao wakiwa na miaka 22 hadi 28, watafikisha 60 kati ya mwaka 2034 na 2040, na ninyi hamwezi kusubiri mpaka hapo. Fungueni mlango kwa walimu walio kazini wenye miaka 50 na kuendelea, na kwa wapishi, walinzi na makarani waliostaafu kutoka shule hizohizo. Najua wapo watakaosema chama ni cha walimu. Mpishi aliyewapikia uji kwa miaka 20 amehudhuria misiba yenu yote.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kabla ya mkutano mkuu, mwombe afisa maendeleo ya jamii wa kata aje kukaa nanyi, na kwa suala la mikopo mmwone afisa ushirika wa wilaya. Mabadiliko ya katiba yapitishwe kwa akidi iliyoandikwa na nakala ipelekwe kwa Msajili wa Jumuiya. Ikiwa taarifa ya benki hailingani na daftari hata baada ya kuhesabu mikopo, au mmoja wa watia saini anakataa kuitoa, usijaribu kulimaliza kimyakimya kwa sababu ni mtu mzima mwenzako: dai ukaguzi wa mtu wa nje, kwa maandishi, siku hiyohiyo.

Na kwa ajili yako wewe, Mwalimu, nenda benki wiki hii, chukua taarifa ya akaunti ya tangu mwaka 2015, mpe katibu nakala moja na mwenyekiti nakala moja, uwasainishe. Kisha chora jedwali la mistari: mwaka, wachangiaji, makusanyo, misiba, malipo, baki. Libandike ukutani siku ya mkutano kabla mtu yeyote hajaketi, ukae pembeni, uwaache walisome wenyewe.